Maji Matamu Ndani ya Injini

Khole binti Nadhir hakupunguza mwendo hata alipoingia mitaa ya magereji ya Firq, nje ya mji wa Nizwa, Oman. Trela lilikuwa linaruka nyuma ya Land Cruiser ya baba yake, na juu ya trela jetski nyeupe, pikipiki ya majini ya kaka yake Ghassan, ilikuwa inatikisika ndani ya kamba zake. Mafundi wa tairi waliinua vichwa kumtazama mwanamke aliyevuta trela peke yake Jumamosi asubuhi. Yeye hakumtazama mtu.

Kutoka kwao Ibra mpaka hapo ni mwendo wa saa moja na nusu, na njia nzima alikuwa akigombana na watu wasiokuwemo garini. Alianza na baba yake, akamgombeza mpaka maneno yakamwishia. Akamgeukia binamu yake Wadhah, na huyo alimtukana hasa, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu. Alipopita Sinaw zamu ikawa ya Zakariya, na huyu ndiye aliyemtia hasira kuliko wote, kwa sababu huyu ndiye aliyempenda.

Gereji ya Zakariya ilikuwa ya mwisho katika mtaa ule, na ndiyo gereji ambayo kila mgeni aliicheka. Vyombo vya bahari, na bahari iko mbali masaa. Lakini watu wa Nizwa na Ibra siku hizi wananunua jetski na mashua ndogo, wikendi wanaziburuta mpaka pwani ya Sur, na wakirudi wanarudi nazo zimekufa. Zakariya hakuwa na uhaba wa kazi.

Alimkuta amelala chali sakafuni, mkono wote mpaka begani umo ndani ya tumbo la jetski ya mtu mwengine.

"Toka huko chini, Zakariya. Nimekuletea kazi yako."

Alitoka polepole, akajifuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa mrefu, mweusi wa kahawa, na kope zake zilikuwa ndefu mno kwa mwanamme wa kushika spana. Khole aliziona kope zile, akakasirika zaidi.

"Assalamu alaikum, Khole."

"Wa alaikum salaam. Salamu imekwisha. Umeifanya nini jetski ya Ghassan?"

"Nimeifanyia sevisi. Gasketi mpya, oili mpya, plagi mpya. Ilitoka hapa Jumatatu inanguruma. Ghassan mwenyewe aliijaribu."

"Na Alhamisi kaipeleka Sur ikaenda vizuri. Jana je? Jana tulikwenda wote, ami zangu, wake zao, watoto, na Wadhah na miwani yake ya jua. Ghassan akabonyeza kitufe ikasema ko, basi. Haikuzunguka hata mara moja. Watu kumi na saba wamesimama ufukweni wanaitazama. Unajua Wadhah alisema nini?"

"Najua."

"Alisema fundi katia gasketi kuukuu, maji ya bahari yameingia ndani. Na baba akamwamini."

"Nimekwambia najua." Zakariya alitupa kitambaa juu ya meza. "Baba yako kampigia mama yangu asubuhi, watu hawajanywa chai. Kamwambia mwanawe kaharibu mashine ya watu makusudi, kisha ana uso wa kuomba binti. Mama yangu, Khole. Mtu wa miaka sitini na nane."

Khole alijua. Alikuwa chumba cha pili, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, anasikia kila neno. Ndipo alipochukua ufunguo wa gari.

"Leo baada ya Alasiri baba anakaa na ndugu zake kukujibu posa yako," alisema. "Miezi mitano wanaizungusha, leo wanaijibu. Na jibu wameshalipata. Wamelipata kwenye hii takataka hapa nyuma. Sitaki maneno matamu, Zakariya, nataka kujua kitu kimoja. Umekosea?"

Zakariya alimgeukia.

"Wewe ndiye unayeniuliza?"

"Mimi ndiye ninayekuuliza."

"Miaka miwili unanijua. Unaijua kazi yangu kuliko Ghassan anavyoijua. Umekaa kwenye kiti kile pale ukaniona nimefungua injini nikaifunga, nikaifungua tena kwa sababu ya nati moja. Leo Wadhah, mtu ambaye hajui hata petroli inaingilia wapi, kasema neno moja, na wewe umeendesha gari mpaka hapa kuniuliza."

"Nimeendesha gari mpaka hapa kwa sababu mimi ndiye nitakayeozwa huyo Wadhah. Si wewe. Nijibu."

"Ishushe," alisema Zakariya. "Ishushe tuone."

Waliishusha wote wawili bila kusema. Khole alijua namna ya kulegeza kamba na namna ya kuizuia isiteleze, na hilo nalo alikuwa amefundishwa na yeye. Walikutana hivyo hivyo miaka miwili nyuma, jetski hii hii ilipokuwa inanguruma bila kwenda mbele. Zakariya aliingiza mkono kwa chini, penye panga la kusukuma maji, akavuta, akavuta, kikatoka kikoi cha Ghassan chote kizima kimesokotana. Khole alicheka mpaka akakaa chini. Zakariya hakucheka. Alimtazama tu akicheka, na baadaye alimwambia kuwa siku ile alikosa hata kuhesabu nati alizokuwa nazo mkononi.

Leo hakuna aliyecheka. Zakariya alianza kazi kwa hasira, lakini hasira yake haikumfanya aruke hata hatua moja. Alitazama kwanza uzi wa usalama, ule unaofungwa mkononi ambao ukichomoka mashine haiwaki, maana nusu ya wateja wake huja wakilia na kumbe uzi wameuacha nyumbani. Uzi ulikuwepo. Akaangalia betri, ncha zake safi, hazina kutu ya chumvi. Akabonyeza kitufe.

Ko.

"Betri nzima," alisema, kama anayesomea mtu hati. "Stata nzima, imesukuma ikagonga. Kuna kitu kimekaa juu ya pistoni kinaizuia isipande."

"Kitu gani?"

"Subiri."

Akang'oa kiti, akafungua plagi moja baada ya nyengine. Khole alisimama karibu zaidi ya alivyopaswa. Shingo ya Zakariya ilikuwa na alama ya oili chini ya sikio, na yeye alitamani kuifuta kwa ncha ya mtandio wake, na alijichukia kwa kutamani jambo hilo saa kama ile. Mtu anakuja kugombana, moyo unatazama shingo.

Zakariya aliweka bakuli la plastiki mbele ya matundu ya plagi. "Rudi nyuma," alisema, akabonyeza kitufe tena. Safari hii injini ilizunguka, na matundu yale yalitema maji mpaka kwenye bakuli, mpaka kwenye shati lake, mpaka sakafuni.

Khole alisogea, akayatazama.

"Maji," alisema. "Basi ni kweli. Bahari imeingia."

Zakariya alilishika bakuli, akalinusa. Akachovya kidole, akaonja, akatema pembeni. Kisha akamsogezea.

"Onja."

"Nionje maji ya injini?"

"Onja, halafu unitukane. Nitakusikiliza mpaka umalize."

Khole alichovya ncha ya kidole. Ulimi ulipata oili kwanza, ukapata petroli, uso ukamkunjamana. Akangojea chumvi. Chumvi haikuja. Akachovya tena, kidole chote.

"Hayana chumvi," alisema.

"Hayana. Bahari ya Sur haina maji ya namna hii. Haya ni matamu, ni ya bomba. Yametoka uani kwenu." Zakariya aliliweka bakuli juu ya meza kwa uangalifu. "Gasketi yangu nzima, Khole. Mtu kaiosha vibaya. Ukitoka baharini unaunga mpira wa maji kutoa chumvi ndani. Nilikwambia wewe, nikamwambia Ghassan, mara ngapi? Unawasha injini kwanza, ndipo ufungue maji. Ukimaliza unafunga maji kwanza, ndipo uzime. Injini ikiwa imelala na maji yamefunguliwa, yatakwenda wapi? Yanajaa kwenye bomba la moshi, yanarudi nyuma mpaka ndani ya silinda, na huko ndiko yanakokaa. Alhamisi nani aliiosha?"

Khole aliiona Alhamisi yote mbele ya macho yake. Ghassan alirudi kutoka Sur, akaiacha jetski uani na chumvi yake, akaenda kula na wenzake. Baba alitoka msikitini baada ya Magharibi, akaiona. Baba yake hakupenda kuona kitu kichafu uani kwake. Alikunja kanzu akaifunga kiunoni, akaunga mpira, akafungua bomba mpaka mwisho. Akaiosha nje, akaiosha ndani, akaiosha mpaka adhana ya Isha. Na muda wote ule injini ilikuwa kimya.

"Nani, Khole?"

"Baba."

Zakariya alifumba macho.

"Uliona?"

"Niliona."

"Ukajua kuwa anakosea?"

"Nilijua. Nilimpelekea kahawa, nikaona mpira umeungwa, nikasikia maji yanakwenda na injini haisemi kitu. Nikasimama pale na kikombe. Nikasema moyoni, nimwambie. Kisha nikasema, mimi ni nani wa kumfundisha baba? Nikampa kahawa yake nikarudi ndani."

"Ukarudi ndani."

"Zakariya, yule ni baba yangu. Sijawahi kumwambia umekosea tangu nizaliwe. Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi."

"Na jana mmesimama ufukweni, Wadhah anasema gasketi kuukuu, pia ulinyamaza? Na asubuhi mama yangu anaambiwa kazaa mharibifu, ulinyamaza?"

"Sikufikiria. Wallahi sikuliunganisha jambo hili na lile. Nilifikiri maji kidogo hayana neno."

"Hukufikiria." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Khole. Angependa apige kelele. "Mama yangu leo kanipigia simu analia, ananiuliza mwanangu umemfanya nini yule mzee. Analia kwa sababu wewe ulimwonea haya baba yako."

Khole alizidi kukasirika. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, anafundisha hesabu wasichana arobaini darasani, na hakuna mmoja wao aliyethubutu kunong'ona. Na mbele ya kanzu iliyofungwa kiunoni alishindwa kusema maneno matatu: baba, washa injini.

Simu yake ikalia. Alikuwa mama yake, Bi Alya, anazungumza kwa sauti ya chini.

"Khole, uko wapi wewe? Baba'ko kaikosa gari, kaichukua ya Ghassan. Katoka zamani. Sasa hivi anakaribia kufika huko. Mwanangu, kakasirika mpaka kavaa kofia upande."

"Nimesikia, mama."

"Rudi tu mwanangu, umuombe radhi."

"Nimesikia," alisema Khole, akakata simu. "Baba anakuja."

Zakariya alikuwa amekwisha geuka kwenye jetski. Alikuwa anamwaga oili ya ndani, na oili ile ilitoka nyeupe, imechanganyika na maji mpaka imekuwa chai ya maziwa. Alifanya haraka, maana maji yakilala ndani ya injini siku mbili tatu yanaleta kutu, na kutu haina dawa.

"Sikiliza," alisema bila kuinua uso. "Akija, mimi ndiye nitakayezungumza. Nitamwambia ni kosa langu."

Khole alidhani hakusikia vizuri.

"Utamwambia nini?"

"Nitasema plagi sikuzikaza, unyevu ukaingia. Nitasema nimeirekebisha, nimwombe radhi, yaishe. Mtu akiomba radhi wazee wanalainika."

"Sasa hivi umenigombeza kwa kunyamaza."

"Wewe ni mtoto wake. Mimi nataka kuwa mkwe wake. Mkwe hawezi kuanza kwa kumwambia baba mkwe kuwa hajui kuosha. Nikimwambia hivyo hanipi mke."

"Na ukimwambia uongo ndiyo atakupa? Zakariya, anatafuta sababu. Miezi mitano anaitafuta, na wewe unataka kumchukulia umpe mkononi."

"Afadhali anione fundi mbovu kuliko mtu asiye na adabu."

"Adabu!" Alipiga kiganja juu ya meza, bakuli likaruka. "Hebu niambie tutaishi vipi. Leo jetski. Kesho gari likifa, ni Zakariya. Friji likifa, ni Zakariya. Watoto wetu watakua wanasikia baba yao ni fundi mbovu, na wewe umekaa pembeni unasema ndiyo ami, samahani ami. Mimi sitaki mume wa hivyo. Afadhali Wadhah, yeye angalau anajipenda."

Lilikuwa neno baya, na alilijua kabla halijamaliza kutoka. Zakariya alisimama. Walikuwa wametenganishwa na jetski tu, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane Khole aliyaona macho yale yamemkasirikia hasa, bila kuficha.

"Lirudie," alisema.

"Silirudii."

"Basi lifute."

"Ukifuta lako la kubeba kosa, na mimi nafuta langu."

Mkono wake ulikuwa juu ya usukani wa jetski, na wa Khole ulikuwa hapo hapo, baina yao hapafiki upana wa kidole. Hakuna aliyeusogeza, wala hakuna aliyeuondoa. Khole alitaka kulia, na alikataa kulia.

Ndipo breki za gari la Ghassan ziliposikika nje.

Bwana Nadhir alikuwa mwembamba, ndevu nyeupe zilizokatwa vizuri, na kwa miaka thelathini alikuwa mkaguzi wa vyakula sokoni kabla ya kustaafu. Wafanyabiashara wa asali walimwogopa, na walimheshimu, kwa sababu hakuwahi kumtoza mtu faini bila kuionja asali yake kwa ulimi wake mwenyewe. Hilo alipenda kulisimulia, na wageni wa nyumba yake wote walilijua.

"Shikamoo, ami," alisema Zakariya.

Bwana Nadhir aliipita shikamoo ile akamtazama binti yake.

"Ingia garini."

"Siingii, baba."

Bwana Nadhir alimtazama kama aliyeona mlango wa nyumba yake umemjibu.

"Umesemaje?"

"Nimesema siingii."

"Ami," alisema Zakariya haraka, akasogea mbele, "mimi ndiye niliyekosea. Hii mashine, nilipoifunga, kosa lilikuwa la—"

Khole alilichukua bakuli juu ya meza, akapita mbele yake, akalisimamisha kifuani kwa baba yake.

"Onja, baba."

"Umerukwa na akili wewe?"

"Onja. Umempigia simu mama wa mtu ukamwambia mwanawe kaingiza bahari kwenye injini. Haya ndiyo yaliyotoka ndani ya injini, nimeyaona yakitoka. Miaka thelathini hukumhukumu mtu kabla hujaonja. Onja uniambie bahari iko wapi."

Khole alidhani mzee atalipiga bakuli lile chini. Mkono wake uliinuka kabisa. Lakini macho yalikuwa yameshatazama ndani, na mazoea ya miaka thelathini hayamwachi mtu. Bwana Nadhir alichovya kidole, akakiweka ulimini. Alitema. Akachovya tena.

"Ya bomba," alisema.

"Ya bomba letu. Alhamisi ulifungua maji na injini imelala, yakarudi nyuma yakajaa ndani. Injini ilitakiwa iwashwe kwanza. Mimi nilikuona, baba. Nilikuletea kahawa nikakuona, nikanyamaza kwa kukuonea haya. Kosa lako dogo, hukujua. Langu kubwa, mimi nilijua."

Bwana Nadhir alikitazama kidole chake. Kisha akamgeukia Zakariya, na sauti ilipotoka ilikuwa na ukali ule ule.

"Na wewe ulikuwa umeanza kusema kosa ni lako. Nimekusikia."

"Ndiyo, ami."

"Ulijua kuwa si lako?"

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima yako."

"Heshima yangu? Uniache nirudi Ibra nimtukane mama yako mara ya pili mbele ya ndugu zangu, na mimi ndiye niliyekosa, hiyo ndiyo heshima uliyonitakia?"

Zakariya aliinamisha kichwa. Khole hakuinamisha chake.

"Basi sababu hiyo imekwisha, baba," alisema. "Kama iko nyengine, itaje."

"Hapa si mahali pake."

"Ni hapa. Alasiri utakaa na ami zangu. Utawaambia nini?"

"Unajua nitakalowaambia."

"Mimi najua. Nataka na yeye asikie."

"Khole, usinitie maudhi."

"Itaje, baba."

Na Bwana Nadhir akaitaja. Aliitaja akitazama ukutani, penye mikanda na mipira iliyotundikwa.

"Ndugu zangu wanasema nyinyi watu wa bara, sisi wa Unguja. Wanasema Nadhir kakosa watu Oman nzima, binti yake kampeleka kwa watu wa Bujumbura. Haya, nimesema. Umefurahi?"

Khole alikuwa ameomba kulisikia, na alipolisikia aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alimtazama Zakariya. Zakariya aliinua kichwa taratibu, na adabu yote aliyoivaa asubuhi ile ilikuwa imemtoka.

"Ahsante, ami. Miezi mitano nimelingojea neno hilo. Mama yangu kaja kwako mara tatu. Kila mara kavaa nguo yake nzuri, kabeba halwa, kakaa kwenye zulia lenu, kapewa kahawa, kaambiwa inshallah. Kila mara karudi ananiambia wale watu waungwana sana, wanataka muda tu. Mimi nilijua, yeye hakujua." Aliikanyaga chini kofia ya plagi bila kuiona. "Babu yangu ametoka Sharqiyah, hapa hapa Oman, na wako ametoka Sharqiyah. Wako alishuka Unguja akapapenda. Wangu akapanda treni mpaka Kigoma, akavuka ziwa. Ndiyo tofauti yetu yote hiyo, ami, nauli ya treni. Nampenda Khole, nalisema mbele yako na unisamehe. Lakini mama yangu hatakuja mara ya nne. Simtumi tena. Mashine yako nitaimaliza leo, uichukue."

Khole alisikia nampenda na alisikia simtumi tena ndani ya pumzi moja, na hakujua ashike lipi. Hivi ndivyo mtu anavyopewa na kunyang'anywa. Na hakuweza hata kumlaumu, maana Zakariya alisema yale ambayo yeye mwenyewe alimtaka ayaseme.

Bwana Nadhir alitoa leso mfukoni akafuta kidole chake. Alikifuta kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Nilipompigia mama yako," alisema, "nilimwambia ni makusudi."

"Ndiyo."

"Neno hilo nilisema. Makusudi."

"Ndiyo, ami."

"Alilia?"

"Alilia."

Mzee aliikunja leso, akairudisha mfukoni. Alipozungumza tena hakumtazama mtu.

"Miaka thelathini," alisema. "Hata mwizi wa asali niliionja asali yake kwanza. Anakaa wapi?"

"Nani, ami?"

"Bi Fakhriya. Mama yako. Anakaa wapi?"

"Hapa hapa Firq. Nyuma ya msikiti mkubwa."

"Nipeleke."

"Ami, mpigie tu simu, inatosha. Hana neno."

"Nilimtukana kwa simu," alisema Bwana Nadhir kwa ukali. "Nimwombe radhi pia kwa simu? Nani kakulea wewe? Nipeleke nikakae kwenye zulia lake."

Alitoka nje kwenye pikapu ya Zakariya, akafungua mlango, akasukuma spana na karatasi zilizokuwa kitini, akakaa na kanzu yake nyeupe juu ya vumbi. Zakariya alimtazama Khole. Hawakuwa wamesameheana, neno lile la afadhali Wadhah lilikuwa bado limewakaa baina yao, na wote wawili walijua litadaiwa. Lakini alipompita mlangoni aliusimamisha mwendo, akasema kwa sauti ambayo mzee asingeisikia, "Nimelifuta langu."

"Na mimi langu," alisema Khole, na ndipo machozi yalipomshinda. Akayafuta kwa hasira, akamfuata baba yake mpaka dirishani mwa pikapu.

"Baba. Na posa?"

"Posa haiulizwi gereji. Inaulizwa nyumbani kwa watu, wamekaa."

"Na ami zangu? Watakuja Alasiri, hawatakukuta."

"Bi Fakhriya kangoja mara tatu," alisema baba yake, akauvuta mlango. "Na wao leo wangoje."